Mshika-Nguo wa Binti Mafuriko

Kila Jumatatu, basi la Nairobi lilipokwisha kuteremsha abiria wake pale Suneka, Ishmael muuza magazeti alilitundika gazeti la picha kwenye kamba mbele ya kibanda chake kwa vibanio vya nguo, nao watu wakamzunguka kabla hajamaliza kulinyoosha. Waliojua kusoma walisoma, wasiojua walisomewa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka wa 1974 hadithi iliyowakusanya ilikuwa moja tu, ya Binti Mafuriko, msichana wa milimani aliyeingia katika maji yaliyofurika kama mtu aingiaye shambani kwake, akawatoa watu, akawatoa ng'ombe, na safari moja akatoa lori zima la majani ya chai pamoja na dereva wake.

Nyamoita, binti Nyangau, fundi wa nguo, hakwenda kusimama na wale watu. Alinunua nakala yake Jumanne, kibanda kikiwa kitupu, akaikunja ndani ya kipande cha kitambaa, na saa ya chakula cha mchana akaegemeza mlango na kusoma. Hakuanza na Binti Mafuriko. Alimtafuta kwanza Tabu.

Tabu alikuwa rafiki wa shujaa tangu utotoni. Alichorwa mfupi, mwenye miguu myembamba na macho yaliyotoka kama ya chura, na kila wiki alisimama ukingoni na nguo za mwenzake mkononi akisema maneno yale yale: "Rudi, dada yangu, rudi, utazama." Shujaa alicheka, akaingia majini. Katika picha ya mwisho Tabu alinyoosha mkono kumpa sweta kavu. Watoto walimpenda kwa sababu aliwachekesha, na watu wazima walimpenda kwa sababu kila mmoja alimjua mtu wa namna ile.

Suneka walimjua hasa. Mchoraji wa hadithi hiyo, Walter Onchiri, alikuwa mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi ya Kiogoro, naye aliandika katika toleo mojawapo kwamba Binti Mafuriko na Tabu ni wasichana wawili aliokua nao. Mmoja sasa ni muuguzi mjini Kisii. Mwingine ni fundi wa nguo Suneka. Majina hakuyataja, wala hayakuhitaji kutajwa.

"Mshika-nguo," Orpah, muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara, alimwita asubuhi moja kwa sauti ya kufika hadi posho mill, kwenye mashine ya kusaga unga. "Leo umeshika za nani?"

"Za mume wako," Nyamoita alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Ameniletea suruali iliyopasuka mahali nisipoweza kupataja mbele ya wateja wako."

Wanawake walicheka, na Orpah akacheka kuliko wote. Nyamoita alizungusha gurudumu la cherehani, akaendelea na pindo lake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na watu walisema kwamba fundi yule hana maneno mengi na hana mshono uliopinda. Hawakujua kwamba usiku, akiwa peke yake, alilifungua tena gazeti lile, akamtazama msichana aliyekuwa majini mpaka mafuta ya taa yakaisha. Kwa maana aliyeingia mtoni alikuwa yeye.

*

Mvua kama ya mwaka wa 1961 ilikuwa haijawahi kuonekana Kiogoro. Ilianza Oktoba, ikapita Novemba bila kupumzika, na kile kijito cha chini ya shule, ambacho siku nyingine mbuzi alikivuka bila kulowesha tumbo, kikawa mto mwekundu wenye kubeba migomba.

Nyamoita alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Abner Nyangau, ambaye watoto wake walimwita tata, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu ambaye jua la Ijumaa halikuzama kabla kuni hazijapasuliwa, maji hayajatekwa na viatu havijapakwa rangi. Siku ya Sabato watoto wake walikwenda kanisani asubuhi, wakarudi tena kwa darasa la alasiri. Mwenzake wa karibu, Mokeira, alikuwa wa nyumba ya Wakatoliki, nyumba ya tatu kutoka kwao. Kwa Mokeira, Jumamosi ilikuwa siku kama siku nyingine.

Jumamosi moja ya Novemba mvua ilipumzika kidogo. Mokeira alipiga mluzi nyuma ya ua, na Nyamoita, badala ya kwenda darasa la alasiri, akateremka naye mtoni kutafuta mapera. Walikuwa hawajajaza hata mikono waliposikia kilio. Nyangate, mtoto wa mwalimu Onchiri, mwenye miaka minne, alikuwa ameteleza kutoka ukingo wa juu, akanasa kwenye mzizi katikati ya maji.

Nyamoita alivua gauni lake la Sabato. Hakulivua kwa ushujaa; alilivua kwa hofu, kwani gauni lile likilowa baba yake angejua alikokuwa. Alimtupia Mokeira, akaingia na shimizi. Maji yalimfika kifuani. Jiwe lilibingirika chini ya unyayo wake, akashuka hadi kidevuni, akapata jiwe jingine, akamshika mtoto kwa nywele, kisha kwa kwapa. Mokeira, ukingoni, alikuwa akilia, "Rudi, Nyamoita, rudi, utazama."

Alipotoka alimkabidhi Mokeira mtoto, akakamua shimizi nyuma ya kichaka, akavaa gauni lake kavu, na juu yake sweta ya manjano ya Mokeira, kwa maana alitetemeka. Hivyo Walter, kaka yake Nyangate, kijana wa miaka kumi na mitano, alipofika akikimbia, aliona msichana mmoja aliyelowa, amempakata dada yake kifuani, na mwingine mkavu, amesimama kando, amevaa vizuri.

Lakini kabla Walter hajafika, Nyamoita alikuwa tayari amesema.

"Sema ni wewe."

"Niseme ni mimi nini?"

"Uliyeingia. Tata akijua nilikuwa mtoni siku ya Sabato nimekwisha. Wewe hakuna atakayekuuliza. Nakuomba, Mokeira."

Mokeira alimtazama, akamtazama mtoto aliyekuwa akitapika maji mapajani mwake, akakubali kwa kichwa.

Kesho yake padri alimsifu Mokeira mbele ya Misa nzima. Masista walikuja kumwona nyumbani kwao, wakamwona ni msichana wa kufaa, na mwaka wa kidato cha kwanza ulipofika wakamchukua katika shule yao. Kutoka hapo alikwenda kujifunza uuguzi. Nyamoita alimaliza darasa la saba, akachuma chai ya baba yake miaka mitatu, kisha akaingia chuo cha ufundi cha kijiji kujifunza kushona. Hapakuwa na mtu aliyemwibia chochote. Alitoa mwenyewe, kwa mikono miwili, na kila mwaka alipomwona Mokeira akiteremka garini na viatu vyeupe, alikihesabu kile alichotoa na kukikuta kimeongezeka.

*

Mwanzoni mwa Julai waliingia dukani wote wawili, Mokeira mbele, Walter nyuma yake na daftari la kuchorea kwapani.

"Fundi wetu," Mokeira alisema, akamkumbatia. Alikuwa mrefu, amejaa mabega na nyonga, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwatuliza wagonjwa. "Safari hii usinikatalie. Nataka gauni la Binti Mafuriko."

Walter alieleza. Wachapishaji wake walikuwa na kibanda katika maonyesho ya kilimo ya Kisii. Siku ya Jumamosi Binti Mafuriko mwenyewe angesimama hapo, awasalimu watoto, apigwe picha. Gauni liwe la buluu, lenye mkanda wa manjano, na joho fupi mabegani.

"Litakuwa tayari lini?" Mokeira aliuliza.

"Ijumaa, kabla ya jua kuzama," Nyamoita alijibu. "Baada ya hapo sigusi sindano."

"Hujabadilika."

"Simama wima."

Alichukua futi ya kupimia, akaanza na mabega. Walter alikaa kwenye kigoda, akachora.

"Mwambie yale ya jiwe," Walter alimwambia Mokeira. "Nataka kuyatumia toleo lijalo."

"Lile jiwe?" Mokeira alicheka, akainua mikono ili kifua kipimwe. "Nilikuwa katikati. Nikasikia linabingirika chini ya unyayo, hivi, nikashuka mpaka kidevuni. Nikasema leo ndiyo siku yangu. Kisha mguu ukapata jingine."

Futi ilisimama. Nyamoita mwenyewe ndiye aliyemsimulia maneno hayo, neno kwa neno, jioni ile ya 1961, wakiwa wamejificha kwenye kibanda cha kuni. Alimtazama mwenzake usoni akitafuta aibu, hata ndogo ya kujaza kifuniko cha chupa. Hakuiona. Mokeira hakuwa akidanganya. Alikuwa akikumbuka.

"Nyonga ni ngapi?" Mokeira aliuliza.

"Arubaini na mbili."

"Usiitangaze, kuna mwanamume hapa."

"Mimi nachora tu," Walter alisema. Kisha akamgeukia fundi kwa upole. "Nyamoita, nasikia watu wanakutania kwa ajili ya Tabu. Usiwasikilize. Tabu ndiye mtu mkubwa katika hadithi ile. Pasipo mtu wa kusimama ukingoni akiogopa, msomaji atajuaje kwamba maji ni ya kina?"

"Na macho yale?"

"Macho gani?"

"Ya chura."

Walter alifuta kitu ambacho hakikuhitaji kufutwa. "Ni uchoraji," alisema.

"Basi muongezee kope," Nyamoita alisema, akaandika vipimo katika daftari lake, mstari kwa mstari, kwa mwandiko ulionyooka.

*

Jumatano alitandika kitambaa cha buluu juu ya meza, akaweka daftari wazi kando yake. Vipimo vya Mokeira vilikuwa pale: mabega kumi na saba, kifua arubaini, nyonga arubaini na mbili. Alichukua chaki. Alichora mabega ya inchi kumi na nne na nusu. Alichora kifua cha thelathini na mbili. Hivyo havikuwa katika daftari. Hivyo alivijua kwa moyo, kwa kuwa vilikuwa vyake.

Hakukosea. Mtu akikosea hustuka, na yeye hakustuka. Mkasi ulipoingia kwenye kitambaa alihisi utulivu ambao hakuwa ameuhisi tangu gazeti la kwanza lilipotundikwa kwenye kamba ya Ishmael. Aliwaza: Ijumaa atalivaa, litakataa. Kesho yake Binti Mafuriko atasimama Kisii na sare ya hospitali, na watoto watauliza, huyu ni nani? Alipiga bandi, akashona, akatia zipu, akapiga pasi. Kola ilikaa kama iliyomwagwa. Hata katika uovu wake hakuweza kushona vibaya.

Ijumaa saa kumi baba yake aliingia kuchukua koti lake la kanisani, lililokuwa limefumuka bitana. Mzee Abner alikuwa na miaka sitini na minane, na kofia aliyoivua mlangoni kama aingiaye nyumba ya mtu mwingine.

"Mama yako anakungoja, tutembee pamoja kabla jua halijaenda," alisema. Kisha macho yake yakafika kwenye gauni la buluu lililoning'inia ukutani. "Umejishonea?"

"La, tata. Ni la Mokeira."

Mzee alilitazama tena. Hakujua kushona, lakini alikuwa amewanunulia watoto saba nguo kwa kukadiria kwa macho.

"Mokeira yupi? Hili haliingii hata bega lake moja. Hili ni lako."

Nyamoita alishika kona ya meza. Miaka kumi na mitatu alikuwa amejiandaa kusema uongo mbele ya swali kama hili, na sasa lilipokuja, lilikuja kwa njia ya nguo, nao uongo wa nguo hakuwa ameuandaa. Akasema. Alianza na mapera, akamaliza na sweta ya manjano, amesimama kama mtoto anayesomewa adhabu.

Mzee Abner aliketi kwenye kigoda. Aliizungusha kofia kwa ukingo wake.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato tunamtoa," alisema hatimaye. "Neno hilo nimelifundisha mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ulikuwa umeketi wapi?"

"Mstari wa pili."

"Kwa ajili ya mapera ningekuchapa," mzee alisema. "Ningekuchapa vizuri. Kwa ajili ya mtoto wa mwalimu ningesimama kanisani nikakutaja kwa jina lako. Umeninyima kusimama, Nyamoita. Umenifanya baba wa kuogopwa kuliko mto."

Hapo ndipo Mokeira alipoingia, akihema, na mkoba wa kazini begani. Alimsalimu mzee kwa adabu, akaomba radhi kwa kuchelewa, akapita nyuma ya pazia na gauni. Walimsikia akihangaika. Kichwa kilipita. Gauni lilifika mabegani, likagoma. Pazia likafunguka, akatokea mikono imenaswa juu kama mtu aliyetekwa.

"Fundi, umenipima au umempima mwingine?"

"Nimempima aliyeingia mtoni," Nyamoita alisema.

Kicheko cha Mokeira kilikuwa kimeanza, kikaishia njiani. Alimtazama mzee Abner, akaona kwamba mzee anajua. Alijinasua polepole, akalikunja gauni kwenye mkono wake, akasimama na shimizi yake nyeupe bila kujali, kama wauguzi wasivyojali.

"Uliniomba mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuomba."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Padri akaniuliza, nikasema ndiyo. Masista wakaniuliza, nikasema ndiyo. Nimesema ndiyo mpaka nikayahisi yale maji, Nyamoita. Kuna siku naota jiwe lile." Alifuta uso kwa kiganja. "Kitu ukipewa, ukakikalia miaka yote hii, ukakijengea juu yake, utakirudishaje? Niambie, nitakirudisha. Kesho njoo wewe. Gauni ni lako, limekukaa. Simama pale useme."

Nyamoita alikuwa amekiota kitu hiki kiasi kwamba kilipowekwa mbele yake hakujua akishike wapi.

"Kesho ni Sabato," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nasema." Na katika sauti ya Mokeira kulikuwa na ncha, ndogo, ya mtu ambaye naye ana wivu wake: wivu wa kujua kwamba sifa zote alizowahi kupata zilikuwa za azima.

Mzee Abner aliinuka akaenda mlangoni. Alitazama nje, jua lilikuwa limefika juu ya miti ya ng'ambo. Ilibaki saa moja na nusu.

Nyamoita aliwafikiria watu wa Kisii kesho. Wangemwona Binti Mafuriko amevaa sare, wangeuliza gauni liko wapi, na wangejibiwa: fundi wa Suneka alikosea vipimo. Sifa ya mto alikuwa ameitoa akiwa mtoto. Sifa ya mshono usiopinda alijipatia mwenyewe, na hakuwa tayari kumgawia mtu hata nusu yake.

"Lete hapa," alisema.

Aligeuza gauni ndani nje. Katika kila mshono, kama alivyofundishwa chuoni na kama mikono yake ilivyofanya hata Jumatano ile, kulikuwa na kitambaa cha akiba, inchi mbili kila upande. Mbavuni aliongeza vipande vya kitambaa cha mkanda, vya manjano, akavificha chini ya joho. Alifumua, akashona, akafumua. Mokeira alimshikia taa ya mkono, kisha akamshikia kitambaa, kisha pini. Hawakusemezana ila "shika hapa" na "geuza". Mzee alikata nyuzi kwa mkasi mdogo, kwa makini ya mtu anayekata kucha za mtoto. Jua lilipogusa miti, Nyamoita alikata uzi wa mwisho kwa meno na kufunika cherehani.

"Nitamwambia Walter," Mokeira alisema mlangoni.

"Utamwambia nini?"

"Sijui bado. Lakini kitu nitamwambia."

*

Kesho yake, katika kanisa la Kiogoro, mzee Abner alisimama wakati wa shuhuda. Alisimulia kwa ufupi, bila mapambo, na mapera hakuyasahau. Watu walisema amina. Mama mmoja aligeuka kumtazama Nyamoita. Mwingine aliuliza kwa kunong'ona kama mtoto yule alipona. Kisha wakaimba, na baada ya wimbo wakatangaza kazi ya kuezeka choo cha shule. Kutoka upande wa mjini upepo ulileta vipande vya maneno ya kipaza sauti, na Nyamoita, akiwa mstari wa pili, alijikuta akijaribu kusikia kama wanamshangilia mtu. Alikuwa amepata alichokitaka kwa mtu aliyemwogopa zaidi. Hata hivyo, sikio lake lilikuwa Kisii.

Wiki tatu baadaye Ishmael alitundika toleo jipya. Jumanne Nyamoita alilinunua, akaegemeza mlango, akamtafuta Tabu. Macho yalikuwa yamepungua, na kope zilikuwapo. Katika picha ya tatu, kwa mara ya kwanza tangu hadithi ianze, Tabu hakuwa ukingoni. Alikuwa ameziweka nguo juu ya jiwe, akaingia majini kumfuata mwenzake, uso umekaza, na chini ya picha hakusema "rudi". Hakusema kitu. Mokeira alikuwa amesema neno lake.

Nyamoita aliitazama picha hiyo kwa muda wa kushona vifungo vitatu. Kisha akaisogeza mwangani.

"Maji yamefika magotini," alisema peke yake. "Magotini tu?"

Nje Orpah alikuwa akiita, "Mshika-nguo, nasikia siku hizi unaogelea," na wanawake wakicheka. Nyamoita alichukua futi, akampima Tabu toka unyayoni hadi kifuani, akafanya hesabu kichwani. Halafu akachonga ncha ya chaki, akachora mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, kifuani pa Tabu, mahali maji yalipofika siku ile.